Kabala na dini za Mashariki: je, zilitoka chemchemi moja?

Yapo madai yanayosambaa kwenye simu kwamba Abrahamu, baba wa imani kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, ndiye huyohuyo Brahma wa Wahindu. Mengine yanasema Kabala, elimu ya ndani ya dini ya Kiyahudi, ilichukuliwa Bara Hindi ikabadilishwa jina tu. Yapo pia yanayogeuza mambo na kusema Wahindu na Wabudha ndio waliochukua kwa Wayahudi.

Maneno haya si mepesi. Kumwambia mtu kwamba dini yake ni nakala ya dini ya jirani ni kumgusa mahali panapouma. Tena wapo wanaouza vitabu, hirizi na mafunzo ya "siri moja ya dini zote", na biashara yao husimama juu ya madai kama haya. Msikilizaji anahitaji kujua lipi lina ushahidi na lipi ni la kusikia tu.

Tutoe jibu fupi kwanza. Kufanana kupo, na hata wazee wa Kabala wenyewe walikuona. Mawasiliano kati ya Wayahudi na watu wa Bara Hindi yalikuwepo, na sehemu yake imeandikwa. Lakini kwamba dini hizi zilitoka chemchemi moja, hilo halina ushahidi. Sasa twende hatua kwa hatua.

Kabala ni nini?

Kabala ni neno la Kiebrania lenye maana ya "kilichopokelewa", yaani mafundisho ambayo mwanafunzi huyapokea kwa mwalimu wake. Ni njia ya baadhi ya Wayahudi ya kutafuta maana iliyofichika ndani ya Torati, na kumkaribia Mungu kwa sala, kutafakari na kushika amri zake.

Kwa mafundisho hayo, Mungu kama alivyo mwenyewe hawezi kufikiriwa wala kuelezwa. Wanamwita Ein Sof, maana yake "Asiye na mwisho". Anajidhihirisha kwa ulimwengu kupitia nguvu kumi zinazoitwa sefiroti, miongoni mwake hekima, rehema, hukumu na utukufu. Nguvu hizo huchorwa mara nyingi kama mti.

Kitabu kikuu cha Kabala ni Zohar. Mapokeo yanasema mwenyewe ni Rabi Shimon bar Yochai, aliyeishi Nchi Takatifu katika karne ya 2. Hata hivyo, kitabu hicho kilianza kujulikana Uhispania mwishoni mwa karne ya 13, na watafiti wengi wanaona kiliandikwa hukohuko na Moses de León pamoja na watu wa wakati wake. Kabla ya Zohar kulikuwa na Bahir, kilichojitokeza kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, na Sefer Yetzirah, kitabu kidogo cha zamani zaidi kinachosema ulimwengu uliumbwa kwa sefiroti kumi na herufi 22 za Kiebrania.

Tarehe hizi zina uzito. Maandiko ya Kihindu yaitwayo Upanishadi, yanayofundisha juu ya Brahman na kurudi kwa roho duniani, yalianza kutungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Buddha naye alifundisha kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Kwa hiyo kati ya mafundisho hayo na Kabala ya Uhispania kuna zaidi ya miaka 1,500.

Wapi zinafanana?

Mambo yanayotajwa zaidi ni matatu.

La kwanza ni namna ya kumweleza Mungu. Wahindu wa mapokeo ya Vedanta husema Brahman ni ukweli usio na mipaka ambao maneno hayaufikii. Wana Kabala husema hivyo juu ya Ein Sof.

La pili ni kurudi kwa roho. Wahindu wanaamini mtu akifa, roho yake huingia katika mwili mwingine kulingana na karma, yaani matendo yake. Wana Kabala nao wanafundisha kwamba roho inaweza kurudi duniani. Kitabu cha Bahir kinaeleza jambo hili kwa mfano ambao mkulima yeyote atauelewa: mtu alipanda mizabibu akitarajia zabibu nzuri, ikatoa mbaya, akaing'oa, akasafisha shamba, akapanda tena na tena. Ndivyo roho inavyopewa nafasi nyingine. Baadaye Isaac Luria, aliyefundisha katika mji wa Safed huko Galilaya na kufariki mwaka 1572, aliyapanua mafundisho hayo, na mwanafunzi wake Hayyim Vital akayaandika.

La tatu ni mazoezi ya mwili na pumzi. Abraham Abulafia, aliyezaliwa Zaragoza, Uhispania, mwaka 1240, aliwafundisha wanafunzi wake kujitenga chumbani, kuvaa mavazi meupe, kisha kutamka herufi za majina ya Mungu huku wakipima pumzi na kusogeza kichwa kwa utaratibu maalumu. Anayeijua yoga ataona undugu hapo mara moja.

Lakini kila palipo na mfanano, ukiuchimba unakuta tofauti. Kwa Wahindu, lengo ni roho kuachana kabisa na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Wabudha wanakwenda mbali zaidi na kufundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Kwa wana Kabala, roho hurudi ili ikamilishe amri za Mungu iliyozikosa, na kuchangia kuutengeneza ulimwengu ulioharibika. Na wakati yoga hufundisha akili itulie mahali pamoja, Abulafia alitaka akili ifanye kazi bila kusimama, ikizungusha herufi baada ya herufi.

Kufanana ni kwa aina tatu

Kabla ya kuuliza nani alichukua kwa nani, tujifunze kwa lugha yetu wenyewe. Maneno ya lugha mbili yanaweza kufanana kwa sababu tatu tofauti.

Sababu ya kwanza ni undugu wa damu. Neno Kabala la Kiebrania na neno letu "kubali", tulilolipata kutoka Kiarabu, yana mzizi mmoja, kwa maana Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu. Hapa asili ni moja kweli.

Sababu ya pili ni kuazima. Tunasema "gari" kwa sababu neno hilo lilitoka Bara Hindi na wafanyabiashara na wafanyakazi wake. Tunasema "meza" kwa sababu ya Wareno. Kiswahili si mtoto wa Kihindi wala wa Kireno, ila wenye lugha hizo walikutana, na tunajua walikutana wapi.

Sababu ya tatu ni sadfa tu. Neno "mama" au linalokaribiana nalo lipo katika lugha nyingi zisizo na undugu, kwa kuwa ni sauti rahisi kwa kinywa cha mtoto.

Dini nazo ni hivyohivyo. Tukiona mambo mawili yanafanana, tuulize: ni ndugu, yameazimana, au yamefanana tu kwa sababu binadamu wote hufa, huogopa, hupumua na humtafuta Mungu?

Abrahamu na Brahma

Tulipime dai linalosambaa zaidi. Majina Abrahamu na Brahma yanafanana sikioni. Mkewe Abrahamu aliitwa Sara, na Brahma anahusishwa na mungu wa kike aitwaye Saraswati. Wengine husema hapo mambo yameisha.

Wazo hili si geni. Katikati ya karne ya 17 Rabi Menasseh ben Israel wa Amsterdam aliandika kwamba Wabrahmani wa India walipata imani ya kurudi kwa roho kutoka kwa Abrahamu. Alitegemea kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, mstari wa 6, panapoelezwa kwamba Abrahamu aliwapa zawadi wana wa masuria wake na kuwapeleka upande wa mashariki. Zohar nayo ilikuwa imeutumia mstari huo zamani zaidi. Inasimulia juu ya watu wa mashariki wenye vitabu vya hekima vinavyokaribiana na maneno ya Torati, kisha inaonya msomaji asivutwe navyo kwenye ibada ya sanamu.

Tazama maana yake. Wazee hao waliuona mfanano, nao wakautafutia maelezo ndani ya maandiko yao. Lakini Biblia haisemi wana hao walifika Bara Hindi, wala haisemi zawadi zile zilikuwa mafundisho.

Na majina yenyewe? "Ab" katika Kiebrania ni baba, sawa na "abu" ya Kiarabu tunayoijua wote. Biblia inalifafanua jina Abrahamu kuwa ni baba wa mataifa mengi, na inasema awali aliitwa Abramu. Brahman ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kutoka mzizi unaohusishwa na kukua na kupanuka. Ndani yake hamna "baba". Sara ni binti mfalme au mwanamke mtukufu. Saraswati ni "mwenye maji mengi", na lilikuwa pia jina la mto. Kiebrania na Kisanskriti ni lugha za koo mbili tofauti. Dai hili, basi, ni la aina ya tatu: sadfa.

Njia zilizowakutanisha watu

Dai hilo likianguka, halianguki na mengine yote. Njia kati ya Wayahudi na Mashariki zilikuwepo.

Njia ya kwanza ni dola ya Uajemi. Mwaka 539 kabla ya Kristo mfalme Koreshi aliuteka Babeli, walikokuwa wamehamishiwa Wayahudi. Muda si mrefu dola hiyo ilianzia Misri na kufika bonde la mto Indus. Wayahudi na watu wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi wakawa chini ya mfalme mmoja. Kitabu cha Esta kinaanza kwa kuutaja utawala ulioenea toka Bara Hindi hadi Kushi. Lugha ya Kiebrania iliazima huko neno "pardes", bustani iliyozungushiwa ukuta, na wana Kabala wakalitumia kama jina la njia nne za kulifasiri andiko. Neno hilohilo la Kiajemi limetufikia nasi kwa milango miwili: "firdausi" kupitia Kiarabu na "paradiso" kupitia lugha za Ulaya.

Njia ya pili ni bahari. Pepo hizihizi za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi pwani ya Afrika Mashariki ndizo zilizovusha meli kati ya Aden na Bara Hindi. Katika sinagogi la kale la Ben Ezra mjini Cairo kulikuwa na chumba cha kuhifadhia karatasi zilizochakaa, na mwishoni mwa karne ya 19 maelfu ya karatasi hizo yalipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miongoni mwake zilikutwa barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 11 na 12. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Tunisia, aliishi Mangalore, magharibi mwa India, kwa takriban miaka 17, akiwa na karakana ya shaba. Kusini kidogo, jamii ya Wayahudi wa Kochi imeishi Kerala kwa karne nyingi. Barua hizo husema zaidi juu ya mizigo, bei, meli na familia kuliko juu ya ibada. Hata hivyo zinathibitisha kwamba watu walikula, walifanya kazi na kuoana pamoja.

Njia ya tatu ni vitabu, na hapa ndipo ushahidi ulipo wazi kuliko pote. Wengi wetu tumesimuliwa utotoni hadithi ya kima aliyepanda mgongoni mwa papa, akaambiwa katikati ya safari kwamba moyo wake unatakiwa, naye akajibu ameuacha mtini. Hadithi hiyo iliandikwa Unguja na Askofu Edward Steere, aliyeichapisha mwaka 1870. Asili yake ni India, ambako mwenzake kima ni mamba. Ilitafsiriwa Uajemi, kisha katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu kwenye kitabu cha Kalila na Dimna. Kutoka Kiarabu kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiebrania, na kutoka Kiebrania John wa Capua, Myahudi aliyeingia Ukristo, akakitia katika Kilatini. Mnyama alibadilika njiani, lakini moyo ulibaki mtini.

Hata habari za maisha ya Buddha zilisafiri hivyo. Kisa cha mwana wa mfalme aliyeacha starehe kilipita Kiarabu, Kigeorgia na Kigiriki, na Wakristo wakamheshimu kama mtakatifu Yosafati bila kujua kwamba ni Buddha. Katika karne ya 13, Abraham ibn Hasdai wa Barcelona alikiandika kwa Kiebrania. Kwa hiyo Wayahudi wa Uhispania walikuwa wakikisoma kisa cha Buddha katika karne ileile Zohar ilipojitokeza, wala hawakujua ni chake.

Jirani aliyekuwa katikati

Ukitazama njia hizo, utaona nyingi zinapita kwa jirani mmoja: ulimwengu wa Kiislamu. Mwanazuoni Al-Biruni aliutafsiri kwa Kiarabu mwongozo wa yoga wa Patanjali katika karne ya 11. Karne hiyohiyo Bahya ibn Paquda, Myahudi wa Uhispania, aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya wajibu wa moyo, akitumia mengi kutoka kwa Wasufi. Huko Misri, Abraham Maimonides, kiongozi wa Wayahudi aliyefariki mwaka 1237, aliwasifu Wasufi waziwazi, na akarudisha katika sala ya Kiyahudi kusujudu, kupiga magoti na kukaa kwa safu. Alisema hizo zilikuwa desturi za manabii wa Israeli zilizosahauliwa.

Kwa hiyo watafiti wanapotazama pumzi na misogeo ya Abulafia, wengi hufikiria kwanza zikri ya Wasufi, waliokuwa majirani zake, kabla ya yogi wa mbali. Kama kitu kilitoka India, huenda kilipita kwanza mikono hiyo.

Na kurudi kwa roho? Saadia Gaon, mkuu wa chuo cha Kiyahudi huko Iraq, alilipinga fundisho hilo katika kitabu alichokimaliza mwaka 933, akisema limeshikwa na baadhi ya watu wanaojiita Wayahudi. Kwa hiyo lilikuwepo kati yao zaidi ya miaka 200 kabla ya Bahir. Lakini Wagiriki nao, kama Pythagoras na Plato, walilifundisha, na kazi za Wagiriki zilisomwa Baghdad. Kuna milango zaidi ya mmoja ambayo lingeweza kupitia, na hakuna andiko linalotuonyesha lilipita upi.

Michoro ya siku hizi imetoka wapi?

Huenda umeona picha inayoweka sefiroti za Kabala juu ya chakra za yoga, kana kwamba ni kitu kimoja. Picha za namna hiyo ni za juzi. Mwaka 1875 ilianzishwa Jumuiya ya Theosofia mjini New York, na Helena Blavatsky alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Walifundisha kwamba dini zote zimetokana na hekima moja ya kale, wakachanganya Kabala, Uhindu na Ubudha. Baadaye makao yao yalihamia Adyar, kusini mwa India. Wengi wanaosambaza madai haya leo wanarudia mawazo ya karne ya 19, huku wakiyaita ya miaka elfu nyingi.

Maswali ya kuuliza

Ukipokea ujumbe unaosema dini fulani imetokana na nyingine, jiulize maswali manne. Nani aliyebeba fundisho hilo? Alilibeba lini? Alilibeba kwa lugha gani? Na je, kuna andiko la wakati huo linaloonyesha hivyo? Hadithi ya kima inajibu maswali yote manne. Abrahamu na Brahma halijibu hata moja.

Kuazima nako si aibu. Mkulima anayepanda mbegu kutoka kwa jirani bado shamba ni lake na jasho ni lake. Abraham Maimonides alijifunza kwa Wasufi akabaki Myahudi.

Mwezi Oktoba 1990 kundi la Wayahudi, wakiwemo marabi, lilikwenda Dharamsala, India, kuonana na Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet. Rabi Zalman Schachter-Shalomi alimweleza mafundisho ya Kabala. Yeye Dalai Lama, ambaye watu wake walikuwa uhamishoni, alitaka kujua Wayahudi waliwezaje kuilinda dini yao kwa karibu miaka 2,000 bila nchi. Hawakuhitaji kuwa na chemchemi moja ndipo wawe na la kuambiana.